Sentensi ya Kitunguu

Nikikutana na mapishi mapya mtandaoni, picha huwa naiacha kwanza. Nashuka moja kwa moja mpaka pale mwandishi anapotaja kitunguu. Kama ni pilau, na ameandika kwamba vitunguu vikaangwe dakika tano mpaka viwe vya kahawia, nafunga ukurasa. Vitunguu maji vitatu vikubwa, vilivyokatwa vyembamba, havipati rangi ya pilau kwa dakika tano, si kwa mkaa wala kwa gesi. Kwanza vinalegea na kutoa maji. Maji yakishakauka ndipo mafuta yanaanza kazi yake, rangi inaingia pembeni, halafu inaenea, na kuanzia hapo mpishi haondoki wala mwiko hauachi, maana kahawia nzuri na kuungua vimekaa jirani. Dakika ishirini zinapita, mara nyingine zaidi. Rangi ya pilau yetu ya pwani inatoka hapo, haitoki kwenye manjano. Aliyesimama juu ya sufuria ile analijua hilo na lazima atalisema. Asiyelisema ama hajapika, ama amenakili kwa mwingine, na mimi namtafuta aliyepika.

Kipimo hiki sikufundishwa na mtu. Kimenijia kwa miaka ya kusoma mapishi na kuyapika, na kimewachuja watu wengi mpaka wakabaki wachache ninaowafuata kwa moyo wote.

Nimezaliwa na kukulia Tanga. Nyumbani kwetu chakula hakikuandikwa. Mama na mashangazi zangu walipima kwa kiganja, kwa jicho na kwa harufu, na sisi wasichana tulijifunza huku tunakuna nazi na kuchambua mchele. Kisha kazi ikanileta Mbeya. Nikimpigia mama simu kumuuliza tui la wali niweke kiasi gani, ananijibu, "Tia mpaka likuridhishe, mwanangu." Kwake hilo ni jibu kamili. Ana mbuzi yake, ana kifumbu chake, na nazi yake imeangushwa juzi. Mimi nanunua nazi soko la Mwanjelwa, imepanda lori kutoka pwani, na sijui ina siku ngapi tangu iteremshwe mnazini. Nilihitaji mtu wa kunieleza kwa maneno kile ambacho mama anakijua kwa mikono. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwatafuta waandishi wa mapishi.

Nilianza na mbaazi za nazi. Mwandishi mmoja wa pwani aliandika kwamba mbaazi kavu, zikilowekwa, huiva kwa saa moja. Kwangu saa moja ilipita na mbaazi bado ni ngumu. Saa mbili, zimeanza tu kulegea. Mwandishi hakuwa amesema uongo, kwa sababu alipika pwani, na Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka yakiwa na joto dogo zaidi. Tanga yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, hapa kwetu kwenye 94 hivi. Sufuria inatokota kwa nguvu ileile machoni, lakini joto ndani yake ni pungufu, na kuongeza mkaa hakusaidii kitu zaidi ya kukausha maji. Ndiyo maana watu wa nyanda za juu wanapenda sufuria ya presha. Mfuniko wake unabana mvuke na kupandisha joto ambalo mlima umelipunguza. Tangu nilipolielewa hilo, naloweka mbaazi usiku kucha, nazipika kwa presha, na tui naliingiza mwisho kabisa zikishaiva.

Unga wa hamira ulinifundisha jambo hilohilo kwa upande wa baridi. Juni na Julai Mbeya ni miezi ya masweta. Ukikanda mahamri asubuhi na kuandikiwa "acha saa moja," saa moja ikiisha donge limelala vilevile ulivyoliacha. Hapo ndipo nilipompata mwandishi wa kwanza niliyemwamini kweli. Yeye hakutaja saa peke yake. Aliandika kwamba donge liachwe mpaka lifikie mara mbili ya ukubwa wake, na ukilibonyeza kwa kidole, shimo lijifute polepole: likijifuta haraka bado, lisipojifuta kabisa limepitiliza. Maelezo hayo yanafanya kazi Mombasa kwenye joto la Januari na yanafanya kazi Mbeya kwenye umande wa Julai. Mwandishi anayeniambia nitaona nini, nitasikia nini, na harufu itageukaje, ananiachia nafasi ya kupika jikoni kwangu. Anayenipa dakika tupu ananitaka niwe jikoni kwake.

Kwa hiyo nikaanza kuwatafuta watu wa ishara. Ukishajua unachokitafuta, wanaonekana upesi. Kwenye wali wa nazi, huyu anakueleza tui jepesi ndilo linalopika mchele, na tui zito linamwagwa juu maji yakikaribia kukauka, kabla ya kufunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Kwenye samaki wa nazi anakuhimiza usiache kukoroga mpaka tui lichemke, na moto usiwe mkali, kwa sababu tui likichemshwa kwa fujo hukatika, mafuta yakaelea huku na maji huku. Kwenye mchele anakuuliza kwanza ni mpya au wa zamani. Swali hilo kwetu ni zito. Mchele wa Kyela uliovunwa karibuni una unyevu bado na hautaki maji mengi, na ukiupa maji ya mchele uliokaa ghalani mwaka mzima, unapata bokoboko wakati ulitaka wali.

Kuna dalili nyingine ya uaminifu, ndogo lakini mimi naipenda: sufuria ileile inaonekana kwenye picha mwaka baada ya mwaka, imeanza kubonyea ubavuni. Picha zinazong'aa sana, kila moja na meza tofauti na vyombo tofauti, mara nyingi zimekusanywa kutoka kwa watu mbalimbali. Hilo si kosa la jinai, ila linaniambia kwamba aliyeandika hakuwapo chakula kilipoiva.

Kunakili kumeenea kuliko nilivyodhani, na kunajulikana kwa makosa yanayosafiri pamoja na maneno. Nilipokuwa natafuta mkate wa kumimina, niliona kurasa kadhaa, za watu tofauti, zote zikitaka vijiko viwili vya chakula vya hamira ya chembechembe kwa nusu kilo ya mchele. Kijiko kimoja cha chakula ni sawa na vijiko vitatu vya chai, na nusu kilo ya unga wa kawaida inatosheka na gramu 7 za hamira, yaani vijiko viwili vya chai na ziada kidogo. Mahali fulani neno "chai" liliandikwa "chakula," na kila aliyenakili akalichukua kosa hilo pamoja na mapishi. Mkate kama huo unaumuka kwa haraka, unanuka hamira, na ukifika motoni unaanguka katikati. Nikafuata nyuzi hizo nyuma mpaka kwa mama mmoja wa Pemba, ambaye maandishi yake yalikuwa ya zamani kuliko yote na ndiye peke yake aliyeandika kijiko cha chai. Alieleza pia kitu ambacho wengine wote walikuwa wamekikata: mchele ulowekwe usiku kucha na usagwe mbichi pamoja na tui, wala usitumie unga wa mchele wa dukani, kwa sababu unga mkavu unabaki na chenga hata ukiuacha unywe maji muda mrefu. Na mchanganyiko uumuke mara moja tu, umiminwe kwenye sinia lenye moto wakati mapovu bado yanapanda. Huyo mama ndiye mwalimu wangu mkubwa mpaka leo.

Vipimo navyo vina nchi zao. Nikisoma mapishi kutoka Marekani, kikombe chao ni mililita 240, mahali pengine ni 250, na Australia kijiko cha chakula ni mililita 20 badala ya 15. Kwenye mchuzi hayo hayana madhara. Kwenye keki yanabadilisha kila kitu, hasa unga: kikombe kilichojazwa kwa kuchota na kushindilia kinaweza kufika gramu 150, na kilichojazwa kwa kijiko taratibu kikawa 120. Joto la tanuri pia, wao wanapima kwa Farenhaiti, na 350 yao ni nyuzi 177 zetu za Selsiasi. Kununua mizani ndogo ya jikoni kulinisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichonunulia jiko langu, na sasa nikiona mwandishi ameandika kwa gramu, moyo unatulia. Mapishi ya bibi zetu yaliyoandikwa kwa vibaba na pishi hayanisumbui kwa sababu uwiano wake unaeleweka. Vibaba vinne ni pishi moja, na mwandishi mzuri wa aina hiyo anabaki na kibaba kilekile mwanzo hadi mwisho.

Kuwapata ni nusu ya kazi, na nusu ya pili, ambayo watu hawaisemi sana, ni kutowapoteza.

Zamani nilitumia Google Reader, programu ya kusomea kurasa mbalimbali mahali pamoja. Kila mwandishi niliyempenda alikuwa pale, na akiandika kitu kipya kilinifikia kwa mpangilio wa siku. Ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na wengi tukadhani njia hiyo imekufa. Haikufa. Teknolojia iliyokuwa chini yake, RSS, ile inayoipa programu taarifa kwamba ukurasa una kitu kipya, bado ipo, kurasa nyingi za mapishi zinaitoa bila hata wenyewe kujua, na programu za kuisoma zipo za bure. Nimerudi huko na sijutii. Kwenye mitandao ya kijamii, mtambo ndio unaochagua. Instagram iliacha kupanga kwa mfuatano wa muda mwaka 2016, na tangu hapo unaweza kumfuata mtu miezi na usimwone, ukaletewa asiyejulikana kwa sababu tu amemwaga jibini nyingi juu ya kitu. Mama yangu wa Pemba hamwagi jibini. Anaandika mara chache, maneno mengi, picha moja yenye giza. Mtambo hauna sababu ya kumleta kwangu, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwendea.

Video nazitumia kwa kazi za mikono tu. Kuna mambo maandishi hayafiki: chapati inavyosokotwa kabla ya kulazwa, kona ya sambusa inavyofungwa isivuje mafuta, uzito wa uji wa vitumbua unapoteleza kutoka kwenye upawa. Hayo nayatazama mara mbili tatu, kisha naandika kwa maneno yangu. Kwa kipimo na mpangilio nataka maandishi, kwa sababu ukurasa wa maneno haumalizi bando, na mikono yangu ikiwa na unga siwezi kuwa narudisha video nyuma kila dakika.

Halafu kurasa hufa. Mwandishi anaacha kulipia anuani yake, siku moja unagonga na hakuna mtu. Nimepoteza hivyo mapishi mazuri sana ya visheti. Baadhi nimeyapata tena kupitia Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo tangu mwaka 2001 inaruhusu mtu yeyote kuona nakala za zamani za kurasa, mradi ujue anuani yake na ukurasa uwe uliwahi kuhifadhiwa. Siku hizi nikipenda kitu sisubiri. Skrinishoti hazinitoshi, zinazama kwenye simu katikati ya picha za harusi na stakabadhi za miamala. Nakopi kwa kalamu kwenye daftari, na juu kabisa naandika jina la aliyenifundisha na tarehe. Jina hilo halikosekani. Chakula kikisifiwa mezani, nataka nimtaje mwenyewe.

Daftari linapokea pia yale yaliyotokea kwangu, na hapo ndipo Ramadhani iliponifungua macho. Waandishi wetu wengi wa pwani huandika zaidi mwezi huo. Kaimati, bokoboko, tambi za sukari, viazi karai, vyote vinakuja kwa wiki nne. Lakini Ramadhani inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2016 ilianguka Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, na pembeni ya mapishi ya kaimati niliandika kwamba uji uwekwe karibu na jiko na uanze kuumuliwa baada ya adhuhuri. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, mvua za masika zinanyesha na hewa ni ya uvuguvugu, na maelezo yangu yale yakafanya uji uchachuke kabla ya magharibi. Sasa kila maelezo nayaandikia mwezi wa kawaida pamoja na mwezi wa Kiislamu. Nikimsoma mwandishi wa zamani, naangalia kwanza aliandika mwaka gani, nipate kujua Ramadhani yake ilikuwa ya joto au ya baridi.

Kuuliza nako ni sehemu ya kufuata. Nilichelewa kidogo kuanza, kwa kudhani watu hawa wana shughuli nyingi, lakini wanaopika kweli wanapenda kuulizwa. Nilimwandikia yule mama wa Pemba kuhusu tui. Nilimweleza kwamba nazi za hapa, hata zikiwa nzuri, zinatoa tui dogo, na asubuhi za baridi linaganda kama samli ndani ya bakuli. Nilianza kwa "Shikamoo mama," nikamweleza nilipo. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, taratibu, kama tuko barazani. "Marahaba mwanangu. Maji yako ya kukamulia ni ya baridi. Yatie moto mpaka uweze kuyashika, ndipo umimine kwenye nazi, uiache kidogo, uikamue." Nilipojaribu, tui lilitoka zito na jeupe. Sababu nimeisoma baadaye: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenye maji baridi ya Mbeya yanabaki yameshikilia machicha. Pemba mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kukutana na tatizo hilo, na bado yeye alilijua mara moja.

Watu wa kufuata ninao sita kwa sasa, na sina haja ya kuongeza kila wiki. Mwandishi mpya nampa chakula kimoja, kile ninachokijua vizuri. Kama maelezo yake ya wali wa nazi yananifikisha kwenye wali ninaoutambua, nampa cha pili ambacho sikijui. Nakipika mpaka nikizoee ndipo nasoma kingine. Ukisoma mapishi mengi bila kuyapika, yote yanaanza kufanana, na huwezi tena kumtambua mpishi mzuri kwa sababu hujampa nafasi ya kukuonyesha.

Kitu kinachonisikitisha ni kwamba waandishi wangu wote ni wa pwani, au wa pwani wanaoishi Uarabuni na Uingereza. Vyakula vya huku niliko havijaandikwa kwa namna hiyo. Wilaya ya Rungwe imejaa ndizi, na jirani yangu, mama wa Kinyakyusa aliyezaliwa Tukuyu, anapika mbalaga ya ndizi ambayo watoto wangu wanaililia. Nimetafuta sana maelezo ya ndizi hizo, nimepata mistari mitatu minne, na kila mahali dakika tupu. Basi nimeanza kuandika mwenyewe. Naenda kwake Jumamosi na mizani yangu, na kila anachotaka kutia chunguni ananipa kwanza nikipime, yeye anacheka lakini anasubiri. Naandika ndizi zinavyobadilika rangi, sauti ya chungu maji yanapopungua, na mwiko unavyokuwa mzito.

Nakala ya kwanza nimemtumia mama wa Pemba aisome kwa jicho lake. Amesema aina hiyo ya ndizi kwao haipatikani, atajaribu kwa mkono wa tembo, na ameuliza kitu ambacho sikukiandika: chumvi inatiwa mwanzoni, au ndizi zikishalainika? Sikuangalia. Jumamosi nitakaa karibu zaidi na chungu.